Kalamu ya Risasi Isiyo na Risasi

Hotuba kwa wakazi na wanafunzi, Tanga mjini

Asalaam alaykum. Habari za jioni. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mliokaa huku mbele, shikamooni. Wanafunzi, nimeona mmekuja na madaftari. Vizuri, maana kabla sijasema lolote nataka kila mmoja atoe penseli yake aishike mkononi. Sasa mwulize jirani yako: hicho cheusi kilicho katikati ya mti ni kitu gani?

Nimesikia "risasi". Nimemsikia na mzee mmoja pale nyuma akisema "risasi, bwana, ndiyo maana ikaitwa kalamu ya risasi". Mimi pia nilijibu hivyo nikiwa darasa la tatu, na mwalimu akanipa vema. Baadaye nikasoma kemia, nikaifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka nilianza na swali hili kwa sababu kila mwaka darasa zima lilikosa. Ndani ya kalamu ya risasi hamna madini ya risasi hata chembe.

Kilichomo ni kinywe. Hicho ni kaboni, ndugu wa damu wa mkaa unaochomea mahindi na wa almasi ya Mwadui. Kinachowatenganisha ndugu hawa ni mpangilio tu. Kinywe kimepangwa tabaka juu ya tabaka, kama chapati iliyokunjwa na mtu anayejua kazi yake, na kila tabaka limeshikana na mwenzake kwa nguvu ndogo sana. Ukisugua penseli juu ya karatasi, matabaka yanateleza, yanabanduka, yanabaki pale. Huko ndiko kuandika. Ufutio ukipita, unayazoa yaleyale.

Waliosoma shule za vijijini enzi zetu wanaijua kaboni kwa mikono. Tulikuwa tunaambiwa Ijumaa: Jumatatu kila mtu aje na betri kuukuu za redio na majani ya kupakia ubao. Tunazipasua kwa jiwe, tunautwanga ule unga mweusi, tunauchanganya na majani, ubao unarudi kuwa mweusi. Unga ule ulikuwa oksidi ya manganizi iliyochanganywa na kaboni, na kile kijiti cha katikati tulichokitumia kuchora barabarani ni kaboni pia. Mikono ilikuwa haitakati siku mbili.

Basi hiyo "risasi" imetoka wapi? Waarabu wanaiita kalamu hii qalam rasas, na sisi watu wa pwani tukalipokea jina lao, tukaligeuza kuwa letu. Wajerumani wanaiita Bleistift, na Blei ni risasi hiyohiyo. Walipofungua hapa Tanga shule ya kwanza ya serikali katika koloni lao la Afrika Mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 1890, hilo ndilo jina walilokuja nalo. Waingereza walipowafuata, na wao walikuwa na risasi yao katika penseli. Lugha nyingi, kosa moja. Na kosa hili lina kwao. Kwao ni mlimani, na mlima wenyewe nimewahi kuupanda.

Kaskazini-magharibi mwa Uingereza kuna nchi ya milima na maziwa iitwayo Lake District, na ndani yake bonde la Borrowdale. Msiipime kwa milima yetu. Kilele chao kirefu kuliko vyote nchini Uingereza, bila kuhesabu Uskoti na Wales, hakifiki mita 1,000, na vilele vya Magamba kule Lushoto vinapita 2,000. Kwa mvua, hata hivyo, wametushinda. Kitongoji cha Seathwaite, kilicho mwisho wa bonde, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Amani yetu ya Usambara Mashariki, ambako sisi tunasema mbingu zimetoboka, hupata karibu 2,000.

Wenyeji wa huko wana simulizi kwamba katika karne ya 16 dhoruba iling'oa mti mkubwa mlimani, na chini ya mizizi likaonekana jiwe jeusi linalong'aa na kuacha alama kwa kila linachogusa. Wachungaji wakalitumia kutia alama kondoo wao. Wenyewe waliliita "wad". Wasomi waliolitazama wakaona jeusi, zito kidogo, laini, linachora kama risasi inavyochora, wakaamua kwamba ni aina ya risasi: risasi nyeusi. Mwaka 1565 Conrad Gessner, mtaalamu wa Zürich, alichapisha kitabu kuhusu mawe na ndani yake akachora kijiti cha madini haya kilichovikwa mti. Hiyo ndiyo picha ya kale zaidi ya penseli tunayoijua. Ilipita zaidi ya miaka mia mbili kabla Carl Wilhelm Scheele, mkemia wa Sweden, hajaonyesha mwaka 1779 kwamba hakuna risasi mle, kuna kaboni. Miaka kumi baadaye Mjerumani Abraham Gottlob Werner akalipa jiwe jina jipya kutokana na neno la Kigiriki la kuandika. Lakini majina yalikwisha safiri. Jina likishapanda chombo, nani atalirudisha bandarini?

Sasa mnisikilize kuhusu mgodi wenyewe, kwa sababu kinywe kipo mahali pengi duniani lakini cha Seathwaite hakikuwa na mwenzake. Kwingine kinatoka kama magamba ya samaki yaliyotawanyika ndani ya mwamba. Lazima upasue, usage, uchuje. Pale kilitoka kama mabonge mazima, magumu vya kutosha kukatwa kwa msumeno kuwa vijiti. Maji na gesi za moto zilipanda kwenye nyufa za miamba ya volkeno zikiwa zimebeba kaboni, zikaiacha ndani ya mifereji kama bomba. Mchimbaji angeweza kuchimba miaka asipate kitu, kisha siku moja akafungua bomba moja lililojaa.

Na kwa nini walilinda bonge hilo kuliko fedha? Vijana, si kwa ajili ya penseli. Ni mizinga ya vita. Sonara yeyote wa mjini hapa atawaambia kwamba kazi ya kusubu haianzi kwenye madini, inaanzia kwenye kalibu. Kalibu ikipasuka au ikishikana na chuma, umepoteza vyote viwili. Kinywe hakiyeyuki kwa moto wa tanuri na chuma hakikishiki. Ukipaka ndani ya kalibu, tufe la mzinga linatoka laini, la mviringo, linaingia vizuri kwenye mtutu na kwenda mbali. Kwa taifa linalopigana baharini hiyo si habari ndogo. Kwa hiyo mwaka 1752 Bunge la Uingereza likapitisha sheria mahususi kwa jiwe hili: kuliiba au kulipokea likiwa la wizi likawa kosa kubwa, na adhabu yake kazi ngumu au kuhamishiwa ng'ambo. Mzigo ulikwenda London chini ya walinzi wenye silaha. Wakati mwingine wenye mgodi waliufunga kwa miaka kadhaa ili bei isishuke.

Halafu vita vikazaa dawa ya upande wa pili. Ufaransa ikiwa vitani na Uingereza, ikakosa kinywe cha vijiti. Nicolas-Jacques Conté akachukua unga wa kinywe hafifu, akauchanganya na udongo wa mfinyanzi, akauchoma kama chungu. Mwaka 1795 akapewa hataza. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na hafifu. Ukipungua, inakuwa laini na nyeusi. Hizo H na B mnazoziona kwenye penseli zenu zinatokana na mchanganyiko huo. Tangu hapo unga wa popote ulifaa, na bonde la Borrowdale likapoteza upekee wake. Mwishoni mwa karne ya 19 mgodi ulikuwa umekwisha. Viwanda vya penseli vya mji wa Keswick, ulio karibu, viliendelea kwa kinywe cha kuagiza.

Nilipopanda, niliona nini? Hapa ndipo moyo wangu ulipo, mnistahimilie.

Kwanza, niliona takataka. Vifusi vimeshuka mteremkoni kama ndimi za kijivu, kimoja chini ya kingine, na kondoo wanapita katikati. Juu kabisa ni mashimo ya kale, walikoanza kuufuata mshipa kutoka usoni mwa mlima. Chini yake kuna milango iliyochimbwa baadaye, ikiingia mlimani kwa ulalo ili maji yatoke yenyewe na mzigo utoke bila kupandishwa kwa kamba. Ukisimama chini ukatazama juu, unausoma mgodi kama ngazi: kila kidato ni kizazi cha watu. Kisha kuna kuta fupi za mawe zilizobaki za nyumba. Moja ilijengwa juu ya mlango wa mgodi wenyewe, kwa makusudi kwamba mchimbaji asiweze kutoka bila kupita ndani yake, avue nguo za kazi mbele ya msimamizi, akaguliwe, avae zake. Unasimama katikati ya mawe manne yaliyolowa na unaelewa kwa mwili wako ile sheria ya 1752 ilimaanisha nini kwa mtu aliyetoka shimoni jioni akiwa na baridi.

Na kuna kitu cha tatu kinachotaka jicho: mikwaruzo na vishimo vidogo kwenye vifusi. Watu maskini wa bonde walikuja kuchokoa yale yaliyotupwa, kama wanavyofanya wanaopekua mchanga kwenye machimbo yetu mpaka leo. Wenye mgodi waliacha karatasi: hesabu, barua, kesi. Wale wa kuchokoa hawakuandika chochote. Saini yao ni vile vishimo. Mtu akija na tingatinga akasawazisha vifusi ili apate kokoto, hajaharibu takataka. Amechoma barua pekee waliyoacha.

Niliokota kipande kidogo kama punje ya mahindi, nikakisugua kwenye kidole, kidole kikawa cheusi cha kung'aa. Nikakirudisha palepale, kwa sababu mahali pale pako chini ya ulinzi wa sheria ya makumbusho ya kale, vifusi na vyote. Mwaka 2017 nchi nzima ile ya maziwa na milima iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Nikashuka nikiwa nimelowa chepechepe, na njia nzima nilikuwa nawaza Shume, kule kwetu milima ya Usambara.

Kwa nini Shume? Toeni tena penseli zenu. Tumesema habari za cheusi cha ndani. Mti wa nje je? Mti mzuri wa penseli lazima uwe laini, wenye nyuzi zilizonyooka, uchongeke bila kupasuka. Dunia nzima iliutafuta, na mojawapo ya mahali ulipopatikana ni milima yetu. Ni mwangati, ule mti wa harufu nzuri wa Usambara Magharibi. Wakati wa Wajerumani kampuni ya Wilkins & Wiese ilipewa msitu kule Shume, mahali walipopaita Neu-Hornow, ikajenga kiwanda cha kupasua mbao. Tatizo likawa kuteremsha mbao kutoka kwenye ukingo ule wa mlima mpaka reli ya Tanga. Barabara isingewezekana. Basi kampuni ya Bleichert ya Leipzig, mabingwa wa njia za waya, ikafunga waya wa karibu kilomita 9 kutoka Neu-Hornow mpaka Mkumbara, ukishuka zaidi ya mita 1,000. Hiyo ilikuwa karibu na mwaka 1910, reli ikiwa imekwisha pita Mombo kuelekea Moshi. Mbao za miangati ziliteremka zikining'inia hewani juu ya makorongo, zikapakiwa kwenye mabehewa, zikafika bandari yetu hii.

Fikirini hilo, wanafunzi wangu. Mti wa penseli ulipita hapa mjini ukaenda Ulaya, na huko ukakutana na kinywe. Penseli haikuwa kitu cha kigeni kwetu kama tulivyodhani. Nusu yake ilikuwa mzaliwa wa Usambara.

Na kazi ile ilifanywa na nani? Wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, ilikuwa na kipande. Tangu mwaka 1907 mwanamume alipewa karatasi iliyomtaka afanye kazi kwa Mzungu siku 30 ndani ya kila miezi minne. Babu zetu wengine hapa walibeba kipande. Habari za waya ule, uzito uliobeba, mwinuko wake, zimeandikwa kwa Kijerumani na wahandisi waliojivunia kazi yao, na walikuwa na haki ya kujivunia. Majina ya waliopandisha vyuma vile mlimani hayamo.

Kwa hiyo mabaki ni ushahidi wetu sisi. Njia ya waya huacha misingi ya nguzo, huacha njia walimopita wabebaji, huacha mahali walipolala wafanyakazi, majivu yao, vyungu vyao. Na hapa lazima niseme jambo la sheria, kwa sababu wengi hawalijui. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayatambua yenyewe kama mambo ya kale majengo na kazi za mikono ya watu za kabla ya mwaka 1863. Magofu ya Tongoni yako salama kwa tarehe hiyo. Njia ya waya ya Shume iko nje yake kwa karibu miaka hamsini. Kitu cha baada ya hapo kinaweza kulindwa, lakini mpaka Waziri akitangaze, na Waziri hawezi kutangaza kitu ambacho hakuna aliyemwandikia. Wakati huohuo mnunuzi wa vyuma chakavu hahitaji tangazo. Anahitaji mizani tu.

Siwalaumu vijana wanaokata chuma wakauze. Mtu mwenye njaa hafundishwi historia. Lakini naudhika tunapozungumza juu ya urithi wa Tanga kana kwamba ni misikiti na makaburi ya pwani peke yake. Mlima nao ulifanya kazi. Wapare walifua chuma wakakiuza mpaka kwa Wachaga, na ukoo wa Washana kule Ugweno ulijulikana kwa kazi hiyo. Ukilima shambani ukakuta vipande vyeusi vizito vyenye matundu, au mirija ya udongo iliyoungua upande mmoja, hiyo ni mavi ya chuma na mirija ya mivukuto. Mtu alisimama hapo akayeyusha. Wengi tunavirusha kando ya shamba. Naomba safari nyingine ukiviona, usivirushe. Mwite mwalimu, mwite afisa utamaduni, weka alama kwenye ramani ya simu.

Kuna haraka katika hili, nayo inatokana na kinywe kilekile. Betri za magari ya umeme zinakihitaji kwa wingi kuliko penseli zilivyowahi kukihitaji, na nchi yetu inacho: Mahenge, Ruangwa, Merelani ambako tanzanaiti yenyewe inakaa ndani ya miamba yenye kinywe. Ni ukanda mmoja wa miamba mikongwe unaotoka Msumbiji, unapita kwetu, unakwenda Kenya, na Usambara imo ndani yake. Hiki ni kile cha magamba, kwa hiyo hakichimbwi kwa mlango mmoja kama Seathwaite. Kilima chote kinachukuliwa. Mimi ni mkemia, sipingi uchimbaji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inadai tathmini kabla ya mradi mkubwa, na ndipo mahali pa kusema: hapa pana tanuri la kale, hapa pana misingi ya nguzo, pimeni kwanza, pigeni picha, chimbeni polepole. Anayeweza kusema hivyo ni mwenyeji anayepajua. Mtaalamu kutoka Dar es Salaam hatapajua kama hakuambiwa.

Nimemaliza ya kwangu, isipokuwa tangazo. Jumamosi ijayo tunakwenda Mkumbara. Tutakutana stendi ya Kange saa kumi na moja na nusu alfajiri, basi halitamsubiri mtu. Tutaanza kwa wazee wa pale, tuwaulize waya ulipita wapi na nani alisimuliwa nini na babu yake, kisha tutapanda na kufuata mstari mpaka jua litakapotuzidi. Vaeni viatu vya kufunga. Chukueni maji, futikamba kwa aliye nayo, daftari, na penseli mbili, kwa sababu wino ukilowa unavuja na kinywe hakivuji. Asiye na nauli aniambie mimi mwenyewe pale mlangoni, tutaona la kufanya.

Sasa nipeni maswali. Naona mkono wa yule binti wa pembeni umekuwa juu tangu nilipotaja kondoo.